Fundi Asijue Unachofungia

Mwizi wa Dar akishaingia ndani hapotezi muda sebuleni. Televisheni anaiona, lakini anaanza na chumba kikubwa, chumba cha baba na mama. Anainua godoro. Anavuta droo za kando ya kitanda. Anapapasa juu ya kabati la nguo, halafu anazimwaga nguo zenyewe na kufungua mabegi ya safari yaliyowekwa chini. Akiwa na muda, anasukuma dari upande wa choo, pale fundi umeme alipoacha kipande kisichopigiliwa. Nimeingia nyumba nyingi asubuhi baada ya wizi, kwa sababu kazi yangu ni chuma: magrili, milango, mageti, na siku hizi makasha ya kufungia silaha. Naitwa kurudishia kilichovunjwa, na kila nikifika chumbani nakuta fujo ileile, imepita njia ileile.

Sasa muulize mwenye bastola ya halali anaiweka wapi usiku. Chini ya godoro. Kwenye droo. Juu ya kabati, nyuma ya boksi la viatu. Wajanja kidogo watakwambia darini. Yaani mwenye nyumba na mwizi wanawaza sawasawa, ila mwizi amefanya mazoezi kwenye nyumba nyingi zaidi.

Kuficha kuna kazi yake, sikatai. Kunamchelewesha kibaka wa dirishani, yule mwenye dakika chache kabla mlinzi hajarudi kutoka dukani. Lakini silaha iliyofichwa bila kufungiwa inalindwa na bahati tu, kwamba mkono wa mtu haujafika hapo. Na mkono wenyewe si lazima uwe wa mwizi. Mtoto anayetafuta chaja, dada wa kazi anayegeuza godoro Jumamosi, fundi wa AC aliyepanda darini, wote hao wanafika kabla ya mwizi. Ndiyo maana mteja akinijia na mchoro wa kitanda chenye droo ya siri, au kioo cha ukutani kinachofunguka kama mlango, namuuliza: droo ikigundulika, kinafuata nini? Akiguna tu, sitengenezi. Nampa kazi hiyo seremala.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Kasha la bastola linaloagizwa sana kwangu lina sentimita 40 kwa 30 kwa 25. Nikilitengeneza kwa bati nene la milimita 3 linatoka na kilo kama 14. Mteja analinyanyua, anasikia uzito, anatabasamu. Huwa namwomba alibebe mpaka getini na kurudi. Anafika bila shida. Basi na mwizi atafika, na huko nje bodaboda inamsubiri. Kasha lote linaondoka, likakatwe kwa grenda mahali ambapo kelele hazimsumbui mtu. Hata kabati refu la shotgun, sentimita 130 kwa 30 kwa 30, kwa bati hilohilo halizidi sana kilo 40, na hizo watu wawili wanazibeba huku wanaongea. Nikipewa nichague kati ya kasha la pleti ya milimita 6 lililoachwa tu kabatini, na la milimita 3 lililofungwa kwenye zege, nachukua la pili bila kufikiri.

Na kufunga kwenyewe ndiko kunakoharibikiwa. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji na mchanga, na tofali za kununua barabarani mara nyingi mchanga umezidi. Ukitoboa, drili inaingia bila kusukumwa na vumbi linamiminika kavu. Hapo bolti ya kupanuka haina pa kushika. Unaikaza leo, inaonekana imara, lakini siku mtaimbo ukiingizwa nyuma ya kasha linang'oka pamoja na kipande cha plasta. Ninachofanya mimi ni kutafuta zege: jamvi la sakafu, nguzo ya kona. Nikikosa, bolti ya milimita 12 inapita ukuta mzima mpaka upande wa pili, huko inashikwa na pleti ya ukubwa wa kiganja, naichomelea, kisha inafukiwa na plasta na rangi. Matundu ya bolti yanakuwa ndani ya kasha, mgongoni na chini, ili asiyefungua mlango asizione nati. Kasha linakaa kwenye kona, na ule upande wa mlango unaofunguka nausogeza karibu na ukuta, ili mtaimbo ukose nafasi ya kukunjuliwa. Bawaba zikiwa nje, kwa ndani naongeza ndimi za chuma zinazozama kwenye fremu. Mtu akizikata bawaba, mlango unabaki palepale.

Haya si mambo niliyoyabuni. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyokuja kuchukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka mwenye leseni atunze silaha yake mahali salama. Mteja anayependa kubishana huuliza "salama" ni milimita ngapi. Kwa maswali ya aina hiyo nilianza kusoma wenzetu wanafanyaje. Afrika Kusini, chini ya sheria yao ya silaha ya mwaka 2000, polisi hukagua sefu la mwombaji, na sefu lenyewe linatakiwa liwe na alama ya kiwango chao namba 953 na liwe limefungwa ukutani au sakafuni. Wajerumani wamekaza zaidi. Tangu Julai 2017 anayenunua sefu jipya la silaha anatakiwa apate lenye daraja 0 la kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 1143-1, kinachopima sefu linavyohimili kuvunjwa, na likiwa chini ya kilo 200 ndani yake hazikai bastola zaidi ya 5. Likifika kilo 200 na kuendelea, unaruhusiwa 10. Uzito umeingizwa kwenye sheria! Siku niliyosoma hilo nilimwita kijana wangu wa karakana aje asome na yeye, maana alikuwa amechoka kuniona nikiwabebesha wateja makasha mpaka getini.

Ujerumani ndiko pia nilikopata hadithi ninayowasimulia wateja wa sefu la ufunguo. Mwindaji mmoja alikuwa likizo, wezi wakaingia nyumbani kwake. Silaha zilikuwa kwenye sefu lililokidhi sheria. Ufunguo wa sefu nao hakuuacha ovyo, aliufungia kwenye kijikasha cha chuma chenye kufuli ya namba. Wezi wakavunja kijikasha, wakachukua ufunguo, wakafungua sefu, wakaondoka na bastola. Kesi ikafika mahakama ya juu ya utawala ya jimbo la North Rhine-Westphalia, mjini Münster, na Agosti 2023 majaji wakasema ufunguo wa sefu la silaha unapaswa kuhifadhiwa kwenye chombo chenye usalama wa kiwango kilekile cha sefu lenyewe. Mwindaji hakunyang'anywa vibali vyake, kwa kuwa jambo hilo halikuwa limewekwa wazi kabla. Lakini fikiria maana yake. Ufunguo unahitaji sefu, na sefu hilo lina ufunguo wake, ambao nao unahitaji sefu. Hakuna mwisho, isipokuwa mahali fulani kwenye mnyororo huo pawe na namba iliyo kichwani mwa mtu.

Kwetu huku ufunguo unaning'inia kwenye mlango wa jikoni pamoja na ufunguo wa geti na wa tangi la maji. Au upo kwenye pochi ya mama. Au kwenye glasi ya urembo kabatini, ile ambayo haijawahi kunyweshewa mgeni. Mwizi akikuta sefu anakwenda kuutafuta ufunguo, na anajua hauko mbali, kwa sababu mwenye nyumba naye ni mvivu wa kutembea usiku.

Kwa hiyo siku hizi nashauri namba. Si kila namba, lakini. Visefu vya bei rahisi vinavyouzwa vimepangwa kwenye rafu pamoja na pasi na birika vina tundu la ufunguo wa dharura nyuma ya kifuniko cha plastiki, na vipo ambavyo kufuli yake ni nyepesi kiasi cha kulegea kwa kugongwa vizuri. Ni vyema kwa pasipoti na hati ya kiwanja, yaani kwa kumzuia mgeni mdadisi. Halafu kuna mwenye sefu mwenyewe. Namba ni mwaka wake wa kuzaliwa, au tarakimu nne za mwisho za simu yake, zile zilizobandikwa kwenye kioo cha gari lake ili aliyezibwa njia amwite.

Nije sasa kwenye jambo ambalo mafundi wenzangu hawapendi niliseme. Anayejua sefu liko wapi kuliko mtu yeyote, ukimtoa mwenye nyumba, ni fundi aliyelifunga. Najua liko ukuta gani, lina bolti ngapi, chuma chake kina unene gani na kinakatika upande upi kwa haraka. Nikikaa kijiweni nikaanza kutaja kazi zangu kwa kujisifu, nimewachorea watu ramani. Na mafundi tunapenda kujisifu. Picha ya kazi iliyomalizika unaitupia kwenye hali ya WhatsApp, nyuma yake linaonekana dirisha na mwembe wa jirani, na mtu wa mtaa ule anapatambua.

Ndiyo maana nina masharti yangu, na mteja asipoyataka aende kwingine. Kwanza, asiniambie anafungia nini. Kwangu anataja vipimo tu: urefu kadhaa, kina kadhaa. Akianza "fundi, nina bastola yangu ya Kicheki..." namkatiza. Pili, kasha halipiti mtaani likiwa wazi. Linasafiri ndani ya boksi la friji au la mashine ya kufulia, na majirani wapongeze friji. Tatu, kijana wangu anabeba, anatoboa na anachomelea pleti ya nje, lakini kukaza nati za ndani nakaza mwenyewe na yeye akiwa ametangulia kwenye gari. Si kwamba simwamini. Akiulizwa kesho na watu wabaya, ni heri awe hana cha kusema. Nne, namba ya kufuli anaiweka mwenye nyumba baada ya mimi kutoka chumbani, kisha anaijaribu mara kadhaa mlango ukiwa wazi kabla ya kuufunga. Anuani siandiki kwenye daftari.

Wapo wanaoona nimezidisha. Mzee mmoja wa Kimara aliniambia, "Mwanangu, mbona una mambo kama mganga?" Nikamjibu, "Mzee wangu, mganga anatoa siri za watu kuliko mimi." Alicheka, akakubali, na alipotaka kunionyesha bunduki yenyewe nilishafika mlangoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo tulivyofundishwa, na kwenye wizi wa silaha nguo yenyewe ni pana. Ombi la leseni linaanzia serikali ya mtaa, linapanda kata, wilaya, mkoa, hivyo watu kadhaa wanajua kwamba unayo. Hilo halizuiliki, na lina sababu yake. Kinachozuilika ni ule umaarufu wa kujitafutia: bastola iliyochomoza kiunoni kwenye harusi, risasi ya hewani mkesha wa mwaka mpya, mkanda wa ngozi ulioanikwa uani. Baa ndiyo mbaya zaidi. Mtu anaiacha kwenye dashibodi ya gari kwa sababu anaona aibu kuingia nayo, na mwosha magari ana macho.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliotokana na maswali waliyoulizwa wananchi mwaka 2015. Walikadiria kwamba silaha zinazoibwa kutoka kwa watu binafsi ni kama 380,000 kwa mwaka. Kilichonigusa ni aina ya watu wanaoibiwa: wenye silaha nyingi, wanaotembea nayo, wasioihifadhi vizuri, na wale wanaosema wanaimiliki kwa ajili ya kujilinda. Hao wa mwisho ndio wateja wangu. Anayesema ameinunua imlinde ndiye anayeiacha karibu na mkono, na kilicho karibu na mkono wake kiko karibu na mkono wa kila mtu.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo sijawahi kufunga kasha bila kuulizwa: "Sasa fundi, majambazi wakivunja mlango usiku, niwaambie wasubiri nifungue sefu?" Ni swali la haki, silicheki. Jibu langu ni vikasha viwili. Kimoja kikubwa, cha kwenye zege, ambamo silaha inakaa mchana kutwa na siku zote usizokuwepo. Kingine kidogo, kimefungwa kwa bolti kando ya kitanda, chenye vitufe vichache unavyovibonyeza gizani bila kutazama, kwa usiku tu. Asubuhi inarudi kwenye kikubwa kabla mlango wa chumba haujafunguliwa. Anayesema hiyo ni kazi kubwa kila siku, namshauri asiwe na silaha kabisa, afuge mbwa. Na wakija wengi, wakakuta umelala, wakakuwekea panga shingoni wakitaka namba, wape namba. Sijawahi kutengeneza chuma cha kushindana na hilo na sidhani kama kipo.

Lakini wizi niliouona mimi mwingi unafanyika nyumba ikiwa haina mtu. Na hapo silaha ya kujilinda hailindi chochote, nayo ni mali ya kuibwa, tena mali inayouzika haraka na kurudi mtaani mikononi mwa mwingine.

Siku moja nilipigiwa simu na mama wa makamo, sauti ya upole, akitaka kabati la "kitu kirefu cha marehemu". Sikuuliza. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipeleka moja kwa moja chumbani na kusogeza kabati la nguo kabla sijafungua mdomo. Nyuma yake kulikuwa na shotgun imefungwa kwa kanga mbili, imesimama imeegemea ukuta. Kanga ilikuwa imeshika unyevu wa ukuta, na pale ilipogusana na chuma palikuwa na mstari wa kutu, mwekundu, umechora mpaka pindo la maua. Mumewe alikuwa amefariki zamani kidogo. Leseni ilikuwa ya mumewe. Risasi zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati hilohilo.

"Mama," nikamwambia, "hiki hakihitaji kabati. Leseni ya marehemu haikuhusu wewe, na mtu akikikuta humu utakuwa na kesi ya kujibu. Mwite mwenyekiti wa mtaa, muende naye kituoni mkaeleze, wao watakwambia namna ya kukikabidhi. Usikibebe mwenyewe barabarani."

"Watanikamata, baba."

"Wanaopeleka wenyewe wanaandikiwa karatasi, mama. Wanaokamatwa ni wanaokutwa nacho."

Polisi wamekuwa wakitangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na bunduki zilizoachwa na marehemu nazo zimo. Sikuigusa ile shotgun. Nilimwachia namba ya mjumbe, nikatoka. Pesa ya nauli alinilazimisha nipokee.

Kutu ile inanikumbusha jambo la sisi wa pwani. Hewa ya Dar ina chumvi na jasho la mwaka mzima, na kasha la chuma lililobana linaweza kutoa umande ndani. Watu wanaona kutu, wanaitoa silaha "ipumue", wanairudisha chini ya godoro. Dawa yake ni rahisi. Usiifunge kwa kitambaa wala kuiacha kwenye mfuko wa ngozi, maana vyote vinanyonya maji na kuyashikilia. Usibandike sponji ndani. Weka vile vipakiti vya chembechembe za kukausha, ubadilishe vikishashiba, pitisha mafuta ya bunduki kwa kitambaa kikavu, na kasha lisikae ukuta wa bafuni. Kabati refu naliinua kidogo kutoka sakafuni, maana siku tangi likifurika maji hayachagui.

Risasi nazipangia kijisanduku chenye kufuli yake, ndani ya kasha hilohilo au kwingine. Waswisi, ambao mwanajeshi wa akiba anakaa na bunduki ya jeshi nyumbani, waliacha kuwapa walio wengi risasi za kukaa nazo. Na Winnenden huko Ujerumani, Machi 2009, baba alikuwa na bunduki na bastola 15, 14 zikiwa zimefungiwa kwenye sefu na moja iko chumbani. Kijana wake wa miaka 17 aliichukua hiyo moja, akaua watu 15 kisha akajiua. Siongezi neno hapo.

Namba ya silaha iandike mahali pengine, nje ya kasha, pamoja na picha yake pande zote mbili. Ikiibwa unakwenda kituoni saa hiyohiyo kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, ukiwa na namba ya silaha mkononi, si unakwenda kukumbukakumbuka.

Desemba inakaribia. Wachaga wanapanda Moshi, Wapare nao, na mitaa mizima ya Dar inabaki na walinzi na paka. Baadhi ya wateja wangu hawaamini hata kasha langu kwa wiki hizo tatu, wanaipeleka silaha kituo cha polisi kwa maandishi na kuichukua wakirudi. Nawapongeza, ingawa ni hasara kwangu. Uliza utaratibu kwenye kituo chako mapema, usije siku ya kusafiri ukiwa na tiketi ya basi mfukoni.

Anayetaka kasha kabla ya safari, oda nazifunga katikati ya Novemba, maana zege linahitaji muda wa kukauka na mimi nina foleni ya mageti. Malipo nusu kwanza. Njoo na vipimo kwenye karatasi, sentimita tu, toka mwanzo wa mtutu mpaka mwisho wa kitako, ongeza tano. Naandika hivi kwa herufi kubwa ubaoni karakana kwa sababu kuna bwana alikuja kwa daladala, akafungua mfuko wa salfeti katikati ya vijana wangu na wauza vyuma chakavu, akasema, "Fundi, nimekuletea yenyewe uipime." VIPIMO TU. Yenyewe iache nyumbani.